Vibao vya Bastola ya Dada Skola

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata viatu nilivyovaa navikumbuka. Kaa hapo kwenye hilo boksi, sogeza hizo suruali pembeni, wenyewe wanakuja kuzichukua kesho. Hapa Guangzhou mtu akishakaa zaidi ya miaka ishirini anaitwa mzee, hata kama mvi zake bado ni za kutafuta kwa kioo. Mimi nimeitikia tu, nifanyeje. Na kwa kuwa mnaniita mzee, leo mtanisikiliza kama mzee.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimetoka Tabora, mtoto wa seremala, mikono yangu imeshika randa kabla haijashika kalamu. Asubuhi nilikuwa nafunga mizigo kwenye ofisi moja ya kusafirisha, humu humu kwenye jengo la Tianxiu, ghorofa tatu chini ya hapa. Mchana nikitoka naingia kwenye karakana ya mzee mmoja wa Kichina, fundi wa viti na meza, kwenye kichochoro hapo nyuma ya Xiaobei. Jina lake Liang, lakini sote tulimwita Shifu, maana ndivyo wanavyomwita fundi mkuu hapa. Alinipa kona, akanipa jiliwa la kubania mbao, akaniruhusu kutumia tupa zake, sharti moja tu: kila tupa irudi kwenye msumari wake. Siku nikiiweka kwingine alikuwa hasemi na mimi mpaka kesho yake.

Kazi yangu ilikuwa vipini. Visu, mapanga, mikongojo ya wazee, hata mama mmoja wa Lubumbashi alinitengenezesha mkono wa pasi yake ulioungua. Wakongo wakaanza kuniita *maître*, Watanzania wakaniita Fundi, na mimi nikavimba kichwa. Nakwambia ukweli, kichwa kilivimba kofia isingeingia. Mbao nilikuwa naijua na mpaka leo naijua, hilo silifichi. Ila nilikuwa nadhani kuijua mbao kunatosha.

Sasa akaja Deo. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka Manyoni, anakuja mara mbili kwa mwaka, anakwenda Xintang kwenye viwanda vya jinzi, anajaza kontena, anaondoka. Rafiki yangu wa kusali naye Jumapili. Alinikuta karakana na mkebe wa biskuti mkononi, akauweka mezani polepole, akauangalia kwanza kabla ya kuufungua.

"Fundi, hii si kazi ya mchezo," akasema. "Ni ya dada yangu, Skola."

Skola alikuwa dada yake mkubwa. Alikuwa askari wa doria kwenye kitalu cha uwindaji huko porini kwetu, wale wanaotembea wiki nzima kufukuzana na majangili. Deo akanieleza kwamba dada yake ameumia mkono wa kulia, ameshapona, lakini bastola haimkai tena kiganjani. Kampuni yenye kitalu hicho ilikuwa na mtihani wa shabaha mwisho wa mwezi. Asiyefaulu anatolewa doria.

"Na akitolewa doria anapelekwa wapi?" nikauliza.

"Nyumbani. Getini pamejaa, ofisini hajasoma. Ana watoto watatu, Fundi, baba yao alishafariki, na hiyo ndiyo kazi pekee anayoijua."

"Si apige kwa mkono wa kushoto?"

"Amejaribu. Risasi zinakwenda kwa majirani."

Tukacheka. Lakini Deo alicheka kwa mdomo tu.

Bastola yenyewe, mwanangu, haikuwa ya dukani. Kampuni iliipeleka kwa fundi bunduki mmoja mzee wa Arusha, mwenye leseni zake, akachonga fremu mpya, yaani kile chuma cha kushikia, kwa ajili ya mkono wa Skola peke yake. Akaifanya nyembamba, mgongo wake ukapinda kuliko kawaida. Matokeo yake vile vibao viwili vya kushikia, kimoja kulia kimoja kushoto, vya kiwandani havikuingia tena. Ilibidi vichongwe kwa mkono, na macho ya yule mzee yalikuwa yamechoka, chuma alikiweza, mbao hakuziweza tena. Deo akasema namjua mtu. Mtu mwenyewe ndiye mimi.

Bila shaka bastola haikuja huku. Mnaijua nchi hii. Silaha hapa si kitu cha kuguswa na raia, hata ya mtoto ya kuchezea ikifanana mno inaweza kukuletea balaa. Yule mzee wa Arusha alikuwa na akili, akachukua umbo la fremu kwa plasta, ile ya kufungia mguu uliovunjika, akakata akabakiza kipande cha kushikia tu, cheupe, hakina mtutu wala kifyatulio. Ukikiona utadhani ni kipande cha sabuni. Pamoja nacho kulikuwa na donge la udongo. Skola mwenyewe alikuwa ameuzungusha udongo ule kwenye kijiti cha unene wa fremu, akaukamata kwa nguvu zake zote kama anavyokamata bastola, ukakauka hivyo hivyo. Ule udongo ndio mkono wake.

"Ndege yangu ni baada ya siku nane," Deo akasema. "Na mtihani ni siku nne baada ya mimi kufika."

"Siku nne zinanitosha," nikamjibu. "Hizo nyingine nne nitakunywa chai."

Basi nikaanza. Nilikuwa na kipande cha mpingo nilichokuja nacho kutoka nyumbani, kwenye begi, katikati ya nguo. Nilikuwa nakitunzia kazi ya maana na nikaona kazi yenyewe ndiyo hii. Nikakipasua vibao viwili. Kioo nikakibandika msasa, nikasugua migongo ya vibao mpaka ikawa tambarare kabisa. Kisha ndiyo ikaja kazi ya kuvisha, na hiyo ndiyo kazi. Unapaka plasta masizi ya taa, unagandamiza kibao, unakibandua. Penye weusi ndipo panapogusa kabla ya wakati, kwa hiyo unapakwangua pale tu, kidogo sana, unarudi tena. Kupaka, kugandamiza, kubandua, kukwangua. Mara mia, mara mia mbili. Kwenye mpingo, weusi hauonekani vizuri, ikabidi nichanganye masizi na chaki nyekundu ya fundi cherehani. Haraka haisaidii hapo, na nguvu ndiyo kabisa. Siku ya pili jioni nilikishikilia kibao dhidi ya dirisha, hakuna hata uzi wa mwanga uliopita kati ya mbao na plasta.

Siku ya tatu nikautoa ule udongo, ili nijue vidole vinakaa wapi. Nikashangaa.

Mtu akishika bastola, kidole cha shahada kinakwenda kwenye kifyatulio, na vitatu vilivyobaki vinazunguka kishikio. Kwa hiyo nilitegemea kuona mabonde matatu. Nikaona moja. Bonde la kidole cha kati lilikuwa zuri, limezama vizuri. Chini yake, mahali pa kidole cha pete na cha mwisho, udongo ulikuwa umevimba tu, una vishimo viwili vidogo visivyo na maana. Na upande wa kiganja ulikuwa umezama mno, kama mtu aliukandamiza kwa hasira.

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikasema, huyu Deo kaukalia huu mkebe kwenye ndege. Nikachovya vidole kwenye maji, nikaulainisha udongo, nikauweka sawa. Nikachimba mabonde mawili yaliyokosekana kwa vidole vyangu mwenyewe. Nikajaza na ule upande wa kiganja uliozama. Nikauangalia, nikaona sasa umekuwa mkono wa mtu. Kisha nikachonga mpingo nikiufuata.

Siku ya tano vibao vilikuwa tayari. Nilivipaka mafuta, vikang'aa. Ukivishika, vidole vinaanguka mahali pake vyenyewe. Nilivishika mara ngapi siku hiyo! Nilikuwa navishika, naviweka, narudi kuvishika. Kisha nikampelekea Shifu, nikijifanya nataka maoni yake. Maoni nilikuwa siyataki, nilikuwa nataka sifa.

Shifu akaiangalia ile plasta iliyovaa mpingo. Akapitisha ukucha kwenye maungio, ukucha haukukwama. "*Hao*," akasema, yaani vizuri, na Shifu kukwambia *hao* ni mara moja kwa mwaka. Akakishika kile kishikio. Akageuza mkono huku na huku.

"Kinakufaa," akasema. "Mkono wako mkubwa, kinakufaa sana. Lete udongo."

Nikampa. Akavaa miwani, akausogeza dirishani.

"Nani ameushika huu?"

"Mimi, Shifu. Ulikuwa umeharibika njiani, nimeutengeneza."

"Ulikuwaje kabla?"

Nikamweleza: bonde moja, uvimbe chini yake, vishimo viwili, kiganja kimezama. Nilikuwa namweleza huku natabasamu. Yeye hakutabasamu. Aliuweka udongo mezani taratibu sana, akavua miwani, akaniita *bendan*. Neno hilo ukilisikia sokoni hapa usidhani ni salamu, maana yake ni mjinga. Miaka miwili nilikuwa naye na hakuwahi kuniita hivyo, hata siku nilipovunja msumeno wake.

"Mtu amefunga mkono wake kwenye udongo, ameutuma mpaka huku," akasema. "Wewe umeufuta, ukaweka wa kwako. Ulimuuliza mwenyewe?"

"*Mei you*," nikasema. Sikumuuliza.

Hasira zilinipanda, mwanangu, siwezi kukuficha. Moyoni nikasema, huyu mzee ananionea wivu, nani asiyejua mkono una vidole vitano? Nikavua aproni, nikatoka bila kuaga. Nimefika kwenye daraja la watembea kwa miguu ndipo nikasimama. Vishimo viwili vidogo. Kiganja kilichokandamizwa kwa nguvu. Deo aliyecheka kwa mdomo tu. Sikuendelea kwenda nyumbani. Nilipanda basi nikaenda kumtafuta Deo.

Nikamkuta Zhanqian Road, kwenye yale maduka ya jumla ya nguo karibu na stesheni, anagombana na laoban mmoja mwanamke, yaani mwenye duka, kuhusu mashati. Sikumsalimia hata.

"Deo, dada yako ana vidole vingapi?"

Laoban aliweka mashati chini, maana aliona uso wa Deo ulivyobadilika ingawa Kiswahili hajui. Deo akakaa juu ya robota la mashati.

"Mkono wa kulia, vitatu," akasema. "Cha pete na cha mwisho viliondoka. Alikuwa anamfungua swala aliyenaswa kwenye mtego wa waya, mnyama akaruka, waya ukakaza na vidole vyake ndani."

"Sasa mbona hukuniambia, Deo? Mimi nimekukosea nini?"

"Hataki isemwe. Hata kwa mama alikuwa anakula na leso mkononi. Nikafikiri udongo utakwambia."

"Udongo uliniambia," nikasema. "Mimi ndiye niliyeukatalia."

Nikamweleza yote. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Alinikazia macho tu, halafu akahesabu siku kwa vidole vyake kamili: tatu zimebaki. Mpingo umekwisha. Udongo umefutika. Na mbao ukishaitoa mahali huwezi kuirudisha, hata ulie. Vile vibao vyangu vya kung'aa vingempeleka Skola nyumbani na watoto wake, maana kila bonde nililochimba lilikuwa limeondoa mbao mahali ambapo yeye alihitaji iwe nyingi.

Niliogopa, mwanangu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kushika randa niliogopa mbao.

Kesho yake asubuhi nikarudi kwa Shifu. Nilitaka kuanza na maneno marefu ya kuomba radhi, akanikatiza. "Mpigie mwenye mkono," akasema, basi.

Zamani hizo hakukuwa na kuonana kwa simu kama mnavyofanya ninyi. Tulikwenda na Deo kwenye kibanda cha simu Xiaobei, saa nane mchana ya huku, kwao asubuhi. Skola ilimbidi apande kilima ili apate mtandao, na Deo alikuwa amemtumia ujumbe tangu jana. Simu ikapokelewa, upepo unavuma kwenye sikio langu.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Deo anasema una neno."

Nilimwambia. Nilimwambia kila kitu, kwamba nimeona udongo wake, nimeudharau, nimeutengeneza, na vibao nimevichonga kwa mkono wenye vidole vyote.

"Kwa hiyo ulinirudishia vidole vyangu," akasema.

Sauti yake ilikuwa karibu na kicheko na karibu na kilio, sikujua inaangukia wapi. Nikamwambia, "Nisamehe, dada. Naomba unieleze mkono wako ulivyo. Wote. Na panapouma."

Akavuta pumzi. "Una kalamu? Basi andika vizuri, sitarudia. Mimi kazi yangu ni kupima nyayo za wanyama kila siku, futi ya utepe ninayo hapa mfukoni. Mkono wangu mwenyewe utanishinda?"

Akaanza kupima, na mimi naandika juu ya boksi la sigara. Upana wa kiganja. Urefu wa kidole cha kati, unene wake kwenye kila kifundo. Umbali kutoka gumba mpaka kwenye kovu. Akaniambia pale kidole cha mwisho kilipokatika kuna mfupa chini ya ngozi, na kikigusa kitu kigumu machozi yanamtoka bila yeye kutaka. Akaniambia nguvu zake zimebaki wapi: kwenye gumba, kwenye nyama ya chini ya gumba, na kile kidole cha kati. "Hicho cha kati kinafanya kazi ya watu watatu," akasema, "kionee huruma." Akaniambia bastola ikipiga inamzungukia mkononi, kitako kinakimbilia nje, maana chini hakuna cha kukizuia. Hakuna kitabu ambacho kingenifundisha yale. Nilikuwa namuuliza na yeye ananijibu, namuuliza tena, mpaka salio la kadi likaisha.

Tuliporudi karakana Shifu alikuwa ameweka mezani mguu wa kiti cha zamani, mti mwekundu mgumu, umekaa miaka hata yeye haijui. Akaukata mwenyewe. Kisha akachukua kitambaa, akavifunga vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, cha pete na cha mwisho, akavikunja kiganjani na kukaza fundo.

"Kaa hivyo," akasema.

Siku mbili nilikaa hivyo. Nilikula hivyo, nilifunga mizigo ya watu hivyo, na mizigo ikaniponyoka hivyo mbele ya bosi wangu, nikatukanwa. Kikombe cha chai kilinigeukia mkononi vile vile alivyosema Skola kuhusu bastola. Ndipo nikaelewa kwa mwili kile nilichokuwa nimeandika kwenye boksi la sigara. Nikarudi kwenye plasta, masizi, kugandamiza, kukwangua. Ndani vibao viliifuata fremu bila kuacha mwanga, kama vile vya kwanza, hilo halikubadilika. Nje ndiko kulikobadilika. Chini ya bonde la kidole cha kati niliacha ukingo mnene wa kukizuia kidole kisiteleze. Upande wa nje wa kiganja niliacha mbao ivimbe, ijaze pale ambapo nyama yake haipo. Na pale panapouma nilichimba shimo dogo ili mfupa wake usiguse kitu.

Vilikuwa vibaya, we! Upande mmoja umevimba kama shavu la mtoto mwenye jino bovu. Ukivishika kwa mkono mzima vinakuchoma kila mahali. Ila ukivishika na vidole viwili vimefungwa, vinatulia kabisa.

Nikachukua msasa laini ili nimalizie. Shifu akaninyang'anya.

"Acha nene kidogo hapa na hapa," akasema. "Mwisho atamalizia mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoumia kuliko kuitwa *bendan*. Kumpa mteja kazi ambayo haijaisha! Jina langu je? Lakini safari hii nilitii. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja: hapa sugua mpaka paache kukubana, hapa usiguse kamwe kwa sababu panalala kwenye fremu, skrubu zikigoma usizilazimishe. Nikakunja vipande vitatu vya msasa, nikaviweka kwenye mkebe pamoja na vibao. Deo akaondoka navyo asubuhi ya siku ya nane.

Baada ya hapo nilikuwa sina kazi, nina kusubiri tu. Watu walileta visu, nikawaambia waje wiki ijayo. Kanisani niliomba, lakini akili ilikuwa inakwenda kwenye ule ukingo: je, ni mnene mno? Je, kwenye shimo la mfupa nilizidisha? Nilifikiria wale watoto watatu ambao sijawahi kuwaona. Siku ya nne, ya mtihani, ikapita kimya. Ya tano nayo.

Siku ya sita Skola alipiga mwenyewe, simu ya ofisi, bosi akaniita kwa kelele.

"Fundi, skrubu zimeingia bila kulazimisha," akasema. "Nimesugua siku tatu, jioni jioni, watoto wananishikia taa. Pale chini ya gumba nilipunguza kidogo, kwingine sikugusa."

"Na mtihani, dada? Mtihani!"

"Nimepewa risasi kumi. Walikuwa wanataka saba ziingie. Nimeingiza nane, na mkuu wa doria ameniambia Jumatatu nirudi porini."

Nilipiga ukelele pale ofisini, watu wakatoka kwenye maduka kuja kutazama. Nikamshukuru Mungu kwa Kinyamwezi, lugha niliyokuwa sijaitumia mwaka mzima.

Skola akaniacha nimalize kelele zangu. Kisha akasema, "Fundi, nikwambie kitu. Tangu niumie, watu wote wananipa pole huku wanaangalia pembeni. Daktari, mama yangu, Deo, padri. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniomba nikuelezee mkono wangu ulivyo. Nilipokata simu kule kilimani nilikaa chini nikalia, halafu nikaivua leso. Sijaivaa tena."

Ningeweza kuzipokea sifa hizo, mwanangu. Zilikuwa tamu. Lakini nilimwambia ukweli, kwamba nisingemuuliza kama nisingeitwa mjinga kwanza.

"Basi aliyekuita mjinga mwambie asante," akasema. "Mwambie imetoka kwa watoto wangu."

Nilikwenda nikamwambia Shifu. Aligeuka ukutani akajifanya anapanga tupa kwenye misumari yake, na tupa zote zilikuwa zimeshapangwa.

Sasa nikupe langu, kisha nikuache uende. Mwanangu, ufundi wako ujivunie, mimi sikukatazi. Mtu asiyejiamini hawezi kuchonga hata mwiko. Lakini ukiletewa kitu cha mtu ukaona kimekaa vibaya, usikimbilie kukinyoosha. Muulize kwanza. Ukiwa Xintang, oda ikaja ya suruali yenye mguu mmoja mfupi, usimwambie fundi cherehani asawazishe, piga simu, pengine anayeivaa ana mguu mfupi. Ukimwona rafiki yako anaficha kitu, usimlazimishe akionyeshe, lakini usiangalie pembeni pia. Mwambie, nieleze ilivyo, nakusikiliza. Swali moja kama hilo mimi lilinichukua siku sita kuliuliza, na mama wa watoto watatu karibu apoteze kazi kwa sababu yangu. Wewe liulize siku ya kwanza. Na ukishafanya kazi yako yote kwa uwezo wako wote, muachie mwenyewe sehemu ya kumalizia, hata kama jina lako litaonekana dogo.

Haya, simama nikuombee. Mungu akupe mikono inayojua kazi na mdomo usioona haya kuuliza. Akupe wateja wanaosema ukweli, na mtu mzima wa kukukaripia kazi ikiwa bado iko mezani, haijafungwa kwenye mkebe. Mizigo yako ifike salama, na wewe ufike salama zaidi ya mizigo yako. Nenda, mwanangu, nenda na Bwana.